Maua Sita ya Vifungo vya Shaba

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Nilipoolewa na askari nikatoka Bwera kuja kambini Kasese, mume wangu alipelekwa kulinda daraja la Katunguru kabla sijazoea hata kitanda. Wake wa askari wengine walitoka mbali, wakiongea lugha zao. Hakuna aliyenipigia hodi. Nikawa naongea na sufuria.

Basi nikaanza kushona maua ya utepe mwekundu. Katikati ya ua panataka kifungo, nami sikuwa nacho. Chini ya sanduku nikakuta koti la mume wangu, limekunjwa, halivaliwi, lina vifungo sita vya shaba. Nikasema moyoni, hili limeshazeeka. Nikavikata vyote.

Jirani akaona ua la kwanza dirishani. "Mama, na mimi nataka!" Kufika Jumamosi nilikuwa nimegawa yote sita, na nyumba yangu imejaa vicheko.

Jumatatu ikawa gwaride. Kwetu sikuwahi kuona gwaride. Ningejuaje kwamba kuna koti la siku hiyo tu? Mume wangu alirudi asubuhi hiyo nikiwa tayari uwanjani na rafiki zangu. Nikamwona mstarini, koti amelibana kwa pini, afande amesimama mbele yake.

"Wewe! Vifungo iko wapi?"

"Sijui, afande."

Afande akatugeukia sisi wake, rafiki zangu wamebandika maua yao kifuani. Macho yake yakapita kifua hadi kifua, shaba ikimeremeta kwenye maua.

"Nani alipatia nyinyi hii?"

Wanawake wote sita wakaninyooshea kidole, kisha wakasogea kando, nikabaki nimesimama peke yangu.