Ua la Chini ya Bakuli

Kila alfajiri, kabla hajawasha moto, Felomena huteka maji ya kisima kwa bakuli jeupe, huyanusa, kisha huyatazama mpaka aone ua jekundu lililochorwa chini. Ua lisipoonekana, siku hiyo hanywi mtu.

Desemba iliyopita ua lilipotea. Mvua ya kwanza ilishuka kijijini Nandagala kwa kishindo, ikazoa udongo, mabaki ya salfa na chupa za dawa ya mikorosho zilizolala korongoni kiangazi chote, ikavimwaga kisimani, kando ya kijito kinachokwenda mto Mbwemkuru. Wajukuu wake wawili waliyanywa kabla hajawazuia, wakaharisha siku tatu.

Felomena akashika jembe. Alichimba makingamaji, mitaro yenye matuta ya kuzuia maji, kukata mteremko, akapanda majani ya tembo juu ya matuta. Lakini maji yalianzia juu, kwenye mikorosho ya jirani yake Nasri, na Nasri kila akiombwa naye achimbe alicheka tu: "Mvua ni ya Mungu, bibi. Kamshitaki huko."

Nasri alikuwa mtani wake wa ukoo, wa kutaniana hata msibani, na mtani hanuni. Asubuhi moja Felomena alifika uani kwake, kanga kiunoni. Akatandika mkeka, akapanga chupa ishirini na tatu alizookota kisimani, akazifunika shuka kama maiti, akaangua kilio.

"Nasri wangu jamani! Umekufa umetuachia urithi wa sumu!"

Majirani wakajaa. "Baiskeli ya marehemu naichukua mimi!" akadakia mmoja.

Nasri alitoka mbio, kipande cha muhogo mkononi. "We bibi, mimi mzima!"

"Maiti haisemi. Lala!"

Vicheko vikapasuka. Nasri akatazama huku na huku. Kumkasirikia mtani mbele za watu ni aibu kubwa kuliko chupa zenyewe.

"Haya, najikomboa. Kuku?"

"Kuku ninao. Nataka mikono yako."

Nasri alichimba wiki mbili, Felomena akimpimia mitaro kwa hatua. Chupa zilitiwa guniani, zikapelekwa kwa bwana shamba.

Mvua za Machi zilipopiga, maji yalisimama kwenye matuta, ardhi ikayanywa taratibu. Ua likaonekana, kesho yake tena, na keshokutwa.

Prisca, mwalimu aliyepanga chumba kwa Felomena, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni siku zote. Siku hiyo ya tatu akajikaza, akauliza.

"Mama, maji yameshatakata. Mbona bado unayaangalia?"

"Mvua haijaisha, mwalimu."