Ng'ombe Saba Ndani ya Simu

Ukoo wa Mwikwabe hauna desturi ya kumpeleka mwanamke kukagua ng'ombe wa mahari, kwa hiyo Agustina, dada yake, hupelekwa kama mbeba soda. Wanaume hutangulia na fimbo zao, yeye hufuata na kreti kichwani, akifika anakaa pembeni mwa zizi kama mtu asiyehusika. Lakini hakuna ng'ombe anayepokelewa kabla hawajasikiliza kifua cha Agustina. Akinyamaza, ng'ombe apite. Akikohoa, kuna kasoro. Mwaka juzi alikohoa mara nne kwa mpigo kwenye zizi moja, mwenye zizi akamletea maji ya kunywa, na ng'ombe wanne wakarudishwa ndani bila mtu kuelezwa sababu.

Kifua hicho hakikuja bure. Alianza na chai mnadani, chupa mbili na vikombe sita, akiwa na miaka kumi na tisa na mume mgonjwa. Wachuuzi husema ukweli wakiwa na kikombe mkononi, kwa sababu mbele yao muuza chai si mtu. Hapo ndipo aliposikia nani huwalambisha ng'ombe chumvi usiku ili asubuhi wanywe maji mengi waonekane wanene, na nani huchonga pembe za jike mzee ili arudi usichana. Mwaka wa tatu akanunua mbuzi, wa tano dume. Leo ana miaka hamsini na miwili, ananunua Mugumu anauza Sirari, na kanuni zake ni chache: mtazame mwenye ng'ombe kabla ya ng'ombe, uliza kwa nini anauza, na kabla hujatoa hela, jua wewe utamuuzia nani.

Mwaka huu Beatrice, binti wa Mwikwabe, aliposwa na Sylvester, kijana anayeshughulikia makaratasi ya malori kwa wakala mmoja wa forodha pale mpakani Sirari. Mahari ilikuwa ng'ombe kumi na wawili. Mwenye kiu ya ng'ombe hao, hata hivyo, hakuwa Beatrice. Alikuwa Joel, kaka yake, maana huku ng'ombe wa dada ndio wanaomleta mke wa kaka. Joel alikuwa na mchumba wake, Elieth. Baba yake Elieth, mzee Nashoni, alikuwa ametaja ng'ombe wanane na siku ya mwisho: Jumapili ya kufunga mwezi. Ikipita hiyo, angemsikiliza mwanamume mmoja wa mgodini ambaye tayari alikuwa amekuja mara mbili kusalimia, na sukari kilo tano kila mara.

Siku ya ukaguzi, zizini kwa mzee Waisiko, baba yake Sylvester, kulikuwa na ng'ombe watano. Mwikwabe alihesabu mara mbili, akafanya adabu ya kudhani wengine wamekwenda kunywa maji. Sylvester akatoa simu mfukoni. Akasema wale saba waliobaki wamo humu.

Alieleza vizuri, huyo kijana; kubembeleza makaratasi mpakani kumemfundisha kusema. Kuna sarafu ya mtandaoni inaitwa Nyumbu Koini. Kila sarafu imefungwa kwenye kambi ya watalii huko Robanda, kando ya hifadhi: mtalii akilala, sarafu inapanda. Mwezi wa pili alikuwa ameuza ng'ombe saba wa baba yake, kwa ruhusa ya baba yake, akanunua Nyumbu. Leo zina thamani ya ng'ombe kumi na wanne, na Krismasi zitakuwa thelathini. Alikuwa tayari kuwahamishia wakwe zake sarafu zote, zihesabiwe kuwa saba tu, kwa heshima.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na mstari wa kijani unaopanda kama mtu aliyechelewa nyumbani. Mjomba mmoja mzee akauliza kama Nyumbu hupelekwa josho. Sylvester akajibu hapana, wala haishikwi na ugonjwa wa midomo na miguu, wala mwizi hawezi kuiswaga usiku. Hilo la mwisho likawaingia wote, kwa sababu pale hakukuwa na mwanaume ambaye hajawahi kufuata kwato za ng'ombe wake mpaka zikapotelea mpakani. Mzee Waisiko alikaa kifua mbele, kama mtu ambaye zizi lake limemtangulia mbinguni. Joel naye alikuwa amekwisha toa wanane katika thelathini na alikuwa anawaza malisho ya ishirini na wawili.

Agustina akakohoa. Hakuna aliyesikia. Akakohoa tena, mpaka chupa zikagongana kwenye kreti, ndipo Mwikwabe akasema labda dada yake ana neno.

"Ni maswali madogo ya mbeba soda," alisema Agustina. "Aliyetengeneza hii kitu ni nani? Zote ziko ngapi? Na wewe ukitaka kuuza, anayenunua ni nani?"

"Shangazi, hii ni teknolojia. Soko lenyewe ndilo linanunua."

"Mura, kijana wangu, mimi soko nalijua. Soko halijawahi kununua ng'ombe hata mmoja. Ananunua mtu, ana jina lake, na kwa kawaida ananuka jasho."

Sylvester akacheka kwa heshima. Akasema yote yameandikwa, atamtumia waraka. Tena yeye mwenyewe alishawahi kutoa hela: mwezi mmoja baada ya kununua alitoa elfu themanini, zikaingia kwenye simu kabla chai haijapoa. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Wakapanga kukutana tena baada ya siku kumi. Njiani Joel hakumsemesha shangazi yake. Aliwaambia wengine tu, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu huogopa chochote kisicho na mkia wa kushika. Hilo lilikuwa kweli, na Agustina hakuona kosa lake.

Waraka ulikuwa na kurasa thelathini na nane, zote Kiingereza. Aliupeleka Tarime mjini kwa Ummy, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na stendi. Ummy akataka shilingi mia mbili kwa ukurasa. Agustina akamtoa huko mpaka mia na ishirini, na kusoma na kutafsiri kukawa ni ukarimu wa duka.

Ukurasa wa sita ulisema sarafu ni milioni mia na haziongezwi kamwe. Wa thelathini na moja ulisema viongozi wataongeza kadiri watakavyoona inafaa. Agustina akaomba zote mbili zirudiwe. Jambo hilo alilijua. Mwaka wa ukame kila mtu huleta ng'ombe mnadani siku moja, na dume huuzwa kwa bei ya jogoo. Lakini hata ukame hauna uwezo wa kuzalisha ng'ombe kwa kidole. Tena nusu ya sarafu zote zilikuwa za hao hao viongozi. Siku wakiamua kuuza wao kwanza, nani atakuwa amebaki mnadani?

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya mwanzilishi, daktari fulani, Mzungu mwenye ndevu. Ummy akaitazama, akaenda kwenye rafu ya fremu za picha. Akarudi na fremu mpya, ambayo bado ina ile picha ya kiwandani: Mzungu mwenye ndevu, mke na mtoto, wote wanacheka. Kwenye waraka mke na mtoto walikuwa wamekatwa, na ndevu zimepewa udaktari.

"Huyu mimi namuuza elfu nne," alisema Ummy, "na kioo juu."

Agustina alimnunua kwa elfu tatu.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini yeye alikwisha ona muuzaji mwongo mwenye ng'ombe mzuri, na kumkataa ng'ombe kwa sababu ya uso wa mwenyewe ni hasara pia. Alikuwa na safari ya Mugumu kununua madume, akasogea mpaka Robanda kwa Eunice, waliyeuza naye chai zamani na sasa ni mpishi kwenye kambi moja. Eunice anazijua kambi zote, kwa sababu wapishi huazimana vitunguu. Hakuwahi kuazimana kitunguu na kambi ya Nyumbu. Wakafuata ramani ya kwenye waraka mpaka mahali penyewe, wakakuta shamba la mtama, nusu limelala chini, na mzee mmoja amekaa juu ya debe na kipande cha bati mkononi. Wakamwamkia. Agustina akamuuliza kama hapo ndipo wanapolala wageni.

Mzee akafikiri. "Wanalala, ndiyo. Juzi walikuja kumi na wawili. Wakala, wakalala, alfajiri wakaondoka."

"Walilipa?"

"Tembo, mama yangu? Tembo analipa?"

Aliporudi Tarime hakumwambia mtu. Mtu aliyekwisha ona mstari wa kijani humwonyeshi karatasi. Atasema una wivu. Mwonyeshe ng'ombe.

Siku ya kumi hakubeba soda. Alikuja na Bushiri, mfanyabiashara wa mifugo wa Tarime mjini, na mtamba mwekundu ambaye Bushiri alimfunga kwenye nguzo ya lango. Salamu zilipokwisha, Agustina akasema mbele ya wote kwamba upande wao unapokea Nyumbu zote. Joel akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi.

"Ila uza Nyumbu za ng'ombe mmoja kwanza," alisema Agustina. "Mmoja tu, sasa hivi, tukiwa tumekaa. Bushiri anataka laki saba kwa simu. Ng'ombe yuko langoni."

Sylvester hakuwa tapeli. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alibonyeza kwa furaha. Akasoma, akabonyeza tena. Akatoka nje kutafuta mtandao, akarudi, maana mtandao ulikuwepo. Baba yake akamwamuru asome kwa sauti. Ilikuwa imeandikwa kwamba ili kufungua akaunti yake na kutoa hela, alete wanachama wapya watano, au alipe kwanza ada ya kufungulia, shilingi laki moja na elfu themanini.

Mtamba akalia langoni.

"Zile elfu themanini zako za kwanza," mzee Waisiko aliuliza polepole, "zilitoka wapi?"

"Kwa walioingia nyuma yangu, nadhani, baba."

"Na hawa watano ukiwaleta, hela yao ataila nani?"

Sylvester akabonyeza simu tena. Agustina akamjibia. "Hata mwizi wa ng'ombe humtupia mbwa mfupa kwanza. Si kwamba anampenda mbwa."

Hapo Joel akasimama. Akasema yeye ana laki moja na themanini, ni hela aliyoweka kwa ajili ya suti. Walipe, wafungue, mambo yaishe. Akaitoa kabisa na kuinyoosha. Agustina akaichukua kabla mkono wa Sylvester haujafika.

"Ng'ombe aliye wako humlipii kiingilio kumtoa zizini," alimwambia. "Ukiona unalipa, ujue zizi si lako."

Akaifunga hela kwenye kanga. Kisha akatoa waraka, akatoa ile fremu na familia yake inayocheka, akawaeleza habari za wale wageni kumi na wawili wa Robanda. Yule mjomba wa josho alicheka mpaka ikabidi atolewe nje. Mzee Waisiko alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyemnunua akiwa amelewa.

Mwikwabe akachukua fimbo yake, akasema uchumba umekufa. Agustina akamvuta koti. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mkwe aliyekwisha ibiwa ni nafuu. Ambaye bado hajaibiwa, gharama zake ziko mbele. Tena Jumapili ya mzee Nashoni ilikuwa imebaki siku nane, na hasira haina kwato.

Basi wakakaa kufanya biashara. Ng'ombe waliouzwa wameuzwa. Wale watano wa zizini Agustina aliwakagua mmoja mmoja, safari hii waziwazi, akashika meno na viwele, na kifua chake kikatulia. Kisha akaangalia pikipiki ya Sylvester iliyoegemezwa ukutani. Bushiri alikuwa anaiangalia tangu alipofunga mtamba, na Agustina alikuwa anamwona Bushiri anavyoiangalia. Sylvester akalalamika kwamba anaihitaji kwa kazi. Agustina akauliza ni mbali gani mpaka mpakani. Kilomita nne. Akamwambia nyumbu wa kweli hutembea zaidi ya hapo na hawana mshahara. Baada ya saa moja na nusu, na Bushiri kuondoka mara mbili na kurudi mara mbili, pikipiki ikawa yule mtamba mwekundu na mwenzake wa umri uleule. Wakawa saba. Watano wa kukamilisha kumi na wawili wakaandikwa deni la Sylvester.

Alibaki mmoja wa kumaliza wanane wa Nashoni. Bushiri alikuwa na ndama wa laki mbili na nusu. Agustina akafungua kanga, akamwonyesha zile hela za suti, akaapa kwamba hana hata senti nyingine, jambo ambalo halikuwa kweli, na ndama akashuka mpaka laki moja na themanini.

Jumapili wakawaswaga kwa mzee Nashoni, Sylvester akitembea nyuma na fimbo. Njiani akamnong'oneza Joel kwamba Nyumbu zimepanda tena, sasa ni ng'ombe kumi na tisa. Joel akamwambia aizime hiyo simu, inamtisha ndama.

Mzee Nashoni alisimama kwenye mlango wa zizi lake akahesabu. Saba wakapita. Kwa wa nane akashusha mti wa kizuizi.

"Huyu ni ndama."

"Ni ng'ombe ambaye bado hajaambiwa kwamba ni ng'ombe," alisema Agustina. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba mwanamke haongei mahali pale.

Nashoni akainama, akafungua mdomo wa ndama, akambonyeza tumbo, akamzunguka. Akasema yule wa mgodini alikuwa ameahidi wakubwa watupu.

"Ameahidi. Wako wapi?" Agustina aliuliza. "Huyu yuko hapa. Ukitaka mlee, ukitaka mchinje, ukitaka mpeleke mnadani kesho asubuhi ukamuuze. Hakuna atakayekwambia ulete watu watano kwanza."

Nyuma ya nyumba Elieth aliacha kutwanga. Joel alikuwa anatazama kwato za ndama kama mtu anayesali. Nashoni akasimama pale muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, kwa sababu naye alikuwa mfanyabiashara, kisha akanyanyua mti. Ndama akaingia, akawapita wakubwa wote, akapenya upande wa pili wa zizi, akaenda moja kwa moja kuanza kula mboga za mama mkwe.