Ngozi Ndani ya Pampu

Anayetaka kuniudhi asubuhi na mapema aniambie kwamba vitu vya siku hizi ni bora kuliko vya zamani kwa sababu vinang'aa. Nimezika pampu nyingi zinazong'aa. Nyekundu, buluu, na moja ya kijani iliyokuwa na mita ya kupimia upepo, ambayo mshale wake uligoma siku ya pili na haukusogea tena hadi tulipoitupa. Pampu ninayoililia haikuwa na rangi wala mita. Ilikuwa bomba la chuma lenye mkono wa mti, zito la kutosha kumvunja mtu kidole cha mguu, na ilikuwa ya mume wangu.

Alikuwa fundi wa baiskeli Kangemi, kwenye njia inayoshuka kutoka barabara kuu kwenda sokoni. Hakuwa na kibanda. Alikuwa na turubai, benchi, karai la maji ya kutafutia tundu za tyubu, na pampu hiyo. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, walinzi wengi wa majumba ya Muthangari walienda kazini kwa baiskeli, na wauza mikate pia, na wabeba maziwa. Asubuhi walikuja kupigiwa upepo, na upepo ndio uliokuwa ukileta kazi nyingine zote. Mtu amesimama kungoja tairi lake lijae, unamwonyesha kwamba breki imelegea, anakaa kwenye benchi. Fundi asiye na pampu ni kama hoteli isiyo na chai.

Kuipiga kulitaka mgongo. Unakanyaga nyayo zake mbili kwa viatu vyako, unashika mkono wa mti, unashuka nao mpaka chini, halafu unapanda. Lakini kinachosukuma upepo ndani ya pampu ya namna ile si chuma. Ni kipande cha ngozi, cha duara, kilichokunjwa mfano wa kikombe kwenye ncha ya fimbo. Ngozi ikiwa laini hushika kuta za bomba na upepo hauna pa kupitia ila kwenye tairi. Ikikauka, unatoa jasho bure.

Ile ya kwanza ililika. Mume wangu akatafuta nyingine Ngara, dukani kwa waliouza vipuri kwa jumla, akapewa za mpira zilizokatika kabla ya mwezi kuisha. Basi Jumapili moja nikaenda kuchukua mkoba wangu wa kahawia niende kanisani, mkoba niliobeba siku ya harusi yetu, nikaukuta umekatwa ubavu. Niliwaka! Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama watoto, huo mkoba ulikuwa unabeba leso. Saa hii utabeba unga."

Nilinuna siku nyingi. Lakini ngozi ile ilikubali. Alikata mduara, akailoweka, akaikunja juu ya chupa ya soda mpaka ikashika umbo. Kila Jumamosi alifungua pampu akaipaka ngozi mafuta ya kupikia kidogo, kwa sababu alisema oili ya gari huikausha. Hakuiacha juani. Jioni aliifunga gunia na kuileta chumbani, na ilisimama nyuma ya mlango tulipokula. Pampu za mafundi wengine zilikufa na kufufuliwa na kufa tena, na yetu ikapiga tu.

Kifua kilipomshika, mimi ndiye niliyeanza kuipiga. Alikaa kwenye benchi amejifunika koti akinielekeza, na wateja wakinitania. "Mama, utaweza kweli?" Mlinzi mmoja wa Muthangari alikuwa mbaya zaidi, kila asubuhi alinishikia baiskeli akisema asije akaniua bure mtoto wa watu. Nilipiga mpaka tairi lake nikiligonga kwa ukucha linalia. Akaacha utani. Kufikia wakati mume wangu hakuweza tena kutoka kitandani, nilikuwa nikiziba pancha, nikinyoosha spoku, nikibadilisha breki, na wasichana wetu wawili walikuwa wakila na kwenda shule kwa kazi hiyo.

Alifariki msimu wa baridi. Kaka yake mkubwa, shemeji yangu, alikuja kutoka magharibi kusimamia safari ya mwili. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Limuru, na mila za kwao nilizijua nusu nusu. Shemeji akaniambia, "Vyombo vya mkono wa marehemu lazima vifike nyumbani, wazee wavione." Nikaona ni heshima. Nikafunga kisanduku cha spana, nikafunga pampu, vikapandishwa juu ya basi pamoja na baiskeli yake, na vikakaa huko juu kwenye jua siku nzima. Vikateremshwa uani kwa shemeji, vikaachwa nje mpaka mazishi yakaisha.

Baada ya mazishi kulikuwa na siku ya kunyoa, ambayo wafiwa hunyolewa na vitu vya marehemu hugawanywa. Nilinyolewa asubuhi, kisha watu wakaketi uani na mzee mmoja wa ukoo akaanza kugawa. Waliongea Kiswahili kwa ajili yangu, nami niliwashukuru kwa hilo, mjinga mimi. Koti likaenda kwa mpwa. Redio ikaenda kwa baba mkwe. Baiskeli akapewa shemeji, na kisanduku cha spana pia, kwa sababu mimi sikuwa na mtoto wa kiume. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ikabaki pampu. Tairi la nyuma la baiskeli lilikuwa limelala, shemeji akaichukua ajaribu. Akashuka, akapanda, akashuka. Haikutoa hata pumzi. Jua la safari na la uani lilikuwa limekausha ngozi.

"Hii imekufa na mwenyewe," mzee akasema. "Mpeni mama hiyo chuma."

Nilikuwa nimeipata! Mtu yeyote mwenye akili angeinama, akasema asante, akaivuta mpaka miguuni pake na kunyamaza hadi Nairobi. Na mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Lakini shemeji akaitupa chini, akacheka, akawaambia wenzake, "Ndiyo maana huyu ndugu yetu hajawahi kujenga hata choo hapa. Miaka yote Nairobi, anatuachia takataka."

Watu wakacheka naye. Hata mama mmoja aliyekuwa akinishikilia bega alicheka. Mume wangu alikuwa bado hajakaukiwa udongo, kaburi lenyewe liko pale tunaliona, na siku ambayo kila mtu husema mazuri ya marehemu hata kama alikuwa mwizi, wa kwangu akachekwa kwa sababu ya pampu. Damu ilinipanda.

"Si takataka," nikasema.

Nikaingia jikoni kwa mama mkwe, nikachota mafuta kwa kidole. Nikachukua spana kwenye kisanduku ambacho hakikuwa changu tena. Nikakaa chini na kichwa changu kipya cha upara, nikafungua kifuniko, nikavuta fimbo, nikaipaka ngozi, nikaifinya na kuipanua kwa kidole gumba mpaka ikakumbuka kazi yake. Nikafunga. Nikasimama juu ya zile nyayo na nguo zangu za matanga, nikaijaza baiskeli ya shemeji, nikaligonga tairi kwa ukucha likalia. Nikawatazama mmoja mmoja. Nasema kweli, kwa muda huo mfupi nilikuwa na furaha.

"Kumbe iko mzima," mzee akasema.

"Basi hiyo ni kitu ya mwanaume," shemeji akasema. "Huyu ataifanyia nini? Kesho arudi kwao Limuru aolewe, aende na mali yetu?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Shemeji akaifunga pampu nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira, mbele yangu, akaikaza vizuri. Nilitaka kusema ngozi iliyo ndani ni ya mkoba wangu wa harusi. Sikusema, kwa sababu wangecheka tena. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, ndivyo tunavyofundishwa. Yangu hayakungoja hata chai inywewe.

Nikarudi Kangemi, nilikobakiwa na karai, benchi na turubai. Nikaenda Ngara kutafuta pampu. Nikamwuliza mwenye duka ile ya chuma, ya mkono wa mti.

"Hizo ziliacha kuja, mama. Chukua hii, ni ya kisasa, iko na mita."

"Itakaa?"

"Hiyo utaachia wajukuu."

Ilikaa mpaka kitako chake cha plastiki kilipopasuka chini ya mguu wangu, mteja akiangalia. Niliyonunua baada yake ilipasuka mpira shingoni, pale unapoingia kwenye bomba, na nikaufunga kwa tyubu na waya mpaka ikawa ya kuchekesha. Nyingine bomba lake lilikuwa jembamba hivi kwamba lilipata moto, na ndani yake kile kipete cha mpira kikayeyuka asubuhi moja tu yenye foleni. Nikaenda kumrudishia mwenye duka. Akaniuliza kama nilikuwa naipiga kila siku. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba hizo si za kupigwa kila siku.

Sasa mtu anieleze pampu ni ya nini. Wanajua kabisa wanachouza. Wanakiweka rangi ili tusikipime kwa mkono, na anayeumia ni yule anayekitegemea kula.

Wateja hawana muda wa huzuni zako. Ng'ambo ya njia alikuja fundi mwingine na pampu nzima, na nikawa naziba pancha kisha nawaambia watu wavuke wakaweke upepo kwake. Walivuka. Baada ya muda wakaona hakuna haja ya kuanzia kwangu. Yule mlinzi wa Muthangari ndiye aliyevumilia zaidi. Siku moja nilimwona amekaa kwenye benchi la ng'ambo, akainamisha kichwa, nami nikajifanya nimeshughulika na karai. Sikumlaumu. Niliyemlaumu alikuwa mbali, na pampu yangu kwenye baiskeli.

Miaka michache baadaye turubai lilikuwa bado juu nilipoitwa magharibi tena, kaburi litiwe simiti. Nilienda na wasichana. Nilipokuwa nikipeleka maji kwa mafundi wa simiti niliiona. Ilikuwa imechomekwa ardhini kando ya boma la ng'ombe, na kamba ya ndama imefungwa kwenye shingo yake. Baiskeli yenyewe shemeji alikuwa ameshaiuza. Nilihesabu kichwani: ngozi mpya, mafuta, na bomba lile la chuma ambalo halikuwahi kunidanganya. Wiki ile ile ningekuwa nawaita wateja wangu kutoka ng'ambo.

Nikamwendea shemeji taratibu. Nikamwomba ile chuma.

"Ya nini?"

"Ya kushikilia mlango. Unapigwapigwa na upepo."

Akaniangalia, akaanza kutabasamu. Hakuwa amesahau. "Si hapa ulitufokea mbele ya wazee? Ati si takataka? Sasa unasemaje?"

Mafundi wa simiti walikuwa wameacha koleo wanasikiliza. Wasichana wangu walikuwa wameketi kando ya kaburi la baba yao, wakubwa wa kutosha kuelewa kila neno. Siku ile ya kugawa nilisema kweli nikapoteza. Basi nikaona nimejifunza.

"Ni takataka, shemeji," nikasema. "Alituachia takataka."

Akacheka kwa raha, akaenda mwenyewe kuing'oa. Msichana wangu mkubwa hakunitazama. Hakunitazama wakati wa chakula cha jioni, wala ndani ya basi, na mimi nilikuwa na pampu magotini imefungwa gunia, nikijiambia ataelewa siku ya kwanza nitakapompigia mtu upepo.

Nilifika Kangemi nikaifungua kabla hata ya kuvua viatu. Ngozi ilitoka vipande vipande. Kwenye kipande kimoja tundu za sindano zilikuwa zinaonekana, pale ulipokuwa mshono wa mkoba. Nikaivumilia hiyo, ngozi hubadilishwa. Nikakata nyingine kutoka mkanda, nikailoweka, nikaikunja juu ya chupa, nikaipaka mafuta. Nikapiga. Upepo ukapita kando ukilia. Nikamulika tochi ndani ya bomba. Mkojo wa ng'ombe na mvua vilikuwa vimelila bomba kutoka ndani, limejaa mashimo kutoka juu mpaka chini, na hakuna ngozi duniani inayoweza kushika ukuta wa namna hiyo.

Nilijua tangu utotoni kwamba chuma huoza kisipotunzwa. Sijui kwa nini niliamini hiki kingeningoja.

Turubai lilishuka mwaka huo. Mahali pale nauza sukuma wiki na nyanya, na ng'ambo wanajaza pikipiki upepo kwa mashine. Msichana wangu mkubwa tunaongea, lakini jambo lile hatujawahi kuligusa. Akija huingia, huivuta pampu kwa mguu bila kuitazama, na kuisukuma tena mlangoni, maana kweli mlango wetu hupigwapigwa na upepo, na hiyo ndiyo kazi yake.