Kamera ya Kupanda Nayo Mlimani

Mume wangu ni mpiga picha za pasipoti. Miaka ishirini na sita, kutwa nzima, kazi yake ni kuwaambia watu wainue kidevu na wafiche meno. Mimi mkewe amenipiga picha moja tu, nayo ni ya pasipoti.

Daktari aliposema goti langu litapasuliwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na kwamba baada ya hapo nisahau milima, nilimwomba baba watoto kitu kimoja: picha yangu nikiwa kileleni. Ule mlima naupanda tangu usichana, na sina hata picha moja ya kujiangalia nikiwa kule juu.

Alikubali upesi. Kumbe ndiyo kwanza nimejitafutia balaa. Kamera za siku hizi hakutaka hata kuzisikia. Mke wangu, alisema, anastahili filamu ya mkanda mpana, ule wa picha kumi na mbili basi. Akaazima kamera mbili kwa mwenzake, moja nzito kama tofali, nyingine nyepesi. Wiki tatu, jamani, wiki tatu nilikadiria unga kwa macho kwa sababu mizani yangu ya jikoni imekaliwa na kamera. Anapima hii, anapima ile, anatoa mkanda wa begani, anapima tena. Akazibeba kwa zamu akipanda na kushuka ngazi za ghorofa, mpaka jirani wa chini akaja kuuliza kama tunahama. Ile nzito ina lenzi safi zaidi, lakini mgongo je? Ijumaa uvumilivu ukaniisha. Nikamwambia achague, la sivyo nachagua mimi.

Akachukua nyepesi. Jumamosi tukapanda, goti linaniwaka moto kila hatua. Kileleni jua lilikuwa safi, nikasimama, na kwa mara ya kwanza bwana yule hakuniambia nifiche meno. Akapiga zote kumi na mbili.

Tuliporudi akajifungia kwenye chumba cha giza kusafisha mkanda. Alitoka nao unachuruzika maji, mtupu mwanzo hadi mwisho, hauna hata kivuli cha mtu. Kamera zake za studio, ukisahau kifuniko cha lenzi, unachungulia unaona giza. Hii ina kidirisha chake pembeni, unaona kila kitu huku lenzi imefunikwa, naye kifuniko hakukitoa. Wiki tatu aliipima, na hakuijaribu hata siku moja.

Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Yeye alikuwa ameketi jikoni, mkanda mkononi.

“Nilikuona vizuri, mama watoto,” alisema. “Zote kumi na mbili. Ulikuwa unacheka.”

“Wewe uliniona,” nikamwambia. “Mimi je?”

Jumatatu, saa mbili asubuhi, nikaingia kupasuliwa goti.