Nilipohamisha Mlango

Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa na ugonjwa wa kuandika majina. Alikata maboksi ya sabuni, akaandika MLANGO akabandika mlangoni, DIRISHA dirishani, UBAO ubaoni. Tulikuwa tunasubiri siku atakayoandika MWALIMU ajibandike kwenye paji la uso. Kwenye kona alitandika mkeka wenye vitabu, na pale ukiongea Kisukuma huchapwi.

Mwaka huo akaja binti kutoka machungani, ng'ambo ya Didia. Kiswahili chake chote kilikuwa "shikamoo". Akatuamkia hata sisi wenzake, nami nikaitikia "marahaba" kwa sauti nzito. Kila asubuhi alikuwa anagusa kadi, anatusikiliza tukisoma, anarudia kwa kunong'ona. Alishika haraka. Hilo liliniudhi, maana mimi nilikuwa bado nasoma "kula" nikisema "kura".

Mwalimu akaugua wiki nzima. Nikahamisha kadi mbili: MLANGO ikaenda dirishani, DIRISHA ikaja mlangoni. Binti akagusa ile ya mlangoni, akanitazama nimsomee.

"Dirisha," nikasema.

Akarudia vizuri kabisa.

Siku mwalimu aliporudi, kabla hata hajakaa, mama wa yule binti akafika kushukuru kwa Kisukuma. "Mwalimu, huyu anatufundisha nyumbani. Mgeni akibisha hodi siku hizi namkaribisha kwa Kiswahili. Namwambia, karibu, pita dirishani."

Darasa likalipuka. Mama naye akacheka sana, akidhani tunafurahi pamoja naye. Kicheko chake bado nakisikia, hasa nikiwa nataka kusinzia. Binti hakucheka. Alitazama kadi moja, kisha nyingine.

Mwalimu akauliza ni nani aliyehamisha kadi. Mimi nikaendelea kucheka na wengine.

Kadi zilirudishwa, ila binti hakuzigusa tena. Ukimwonyesha neno, alitazama kwanza nyuso zetu. Mkekani hakukaa. Darasa la nne akaacha kuja.

Sasa niko kidato cha tatu. Mwezi uliopita nilimkuta nje ya zahanati, amebeba mtoto wa dada yake mwenye homa, mkononi ana bahasha ya dawa.

"Kaka, nisomee."

Nikamsomea: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, baada ya kula. Nilisoma polepole, bila utani wowote, na "kula" niliitamka sawasawa.

Akanishukuru. Kisha akamwendea mama mmoja aliyekaa kwenye benchi, akampa bahasha ileile.

"Mama, shikamoo. Nisomee."