Damu ya Ng'ombe Aliyekufa

Maabarani tulimwita Mama Hadubini. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichungulia damu za mifugo, lakini hakuwa daktari, na mkuu wetu hakumwacha asahau hilo.

Asubuhi hiyo mfugaji mmoja aliingia akimburuta mchungaji wake kwa ukosi. Ng'ombe wake wa maziwa alikuwa amekufa alfajiri, naye aliapa kwamba mchungaji amemtilia sumu. Alitaka karatasi ya kupeleka polisi. Mkuu wetu hata kitini hakuinuka. Akaandika: "Sumu."

"Daktari, tusipime damu kwanza?" Mama Hadubini aliuliza.

"Damu ya mzoga? Mnyama akifa, vimelea navyo vimekwisha. Usitupotezee muda."

"Kwani mwenye nyumba akifa, wapangaji hufa papo hapo?"

Tulicheka. Mama Hadubini hakucheka. Alibeba sindano na kichupa, akapanda pikipiki.

Alimkuta ng'ombe nyuma ya zizi, tumbo limeshaanza kuvimba. Kwenye mshipa wa shingo alipata damu kidogo, nzito, nyeusi. Aliporudi aliweka tone kwenye kioo, akainamia hadubini. Kisha akapiga meza.

"Njooni! Wewe mwenye ng'ombe, tangulia."

Mfugaji alichungulia. "Kuna kitu kinajinyonganyonga."

"Ndiyo. Saa nne tangu afe, na bado kinacheza. Hiyo ni nagana, ugonjwa wa mbung'o. Huyu ng'ombe kaugua wiki nyingi. Hukuambiwa?"

Ndipo mchungaji akafungua mdomo. "Nilimwambia, mama. Mara tatu. Anakonda, maziwa yanakata. Akasema mimi mvivu, simlishi."

Mama Hadubini alimgeukia mkuu wetu. "Futa hilo neno."

"Nitaongeza majibu yako hapo chini."

"Sikusema uongeze. Nimesema ufute! Ulitaka kumfunga mtu kwa uvivu wa kuinuka kitini?"

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akimpazia sauti mkuu wetu. Mkuu aliichana karatasi, akaandika nyingine.

Ng'ombe tisa waliobaki walidungwa sindano siku hiyohiyo. Mmoja tu alikufa. Mchungaji hakuombwa radhi na yeyote. Alichukua fimbo yake akaenda kuchunga kwingine.

Wiki mbili baadaye mfugaji alirudi, mpole, akiuliza kama tunajua alikokwenda, maana ng'ombe wanawapiga mateke wakamuaji wageni.

"Kaulize polisi," Mama Hadubini akamjibu, akarudi kwenye hadubini yake.