Niliweka Ng'ombe wa Jirani Kwenye Picha ya Marehemu

Leo ni Jumapili, mwezi wa nane, na ni miaka minne na miezi mitatu tangu nitoke nyumbani. Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka thelathini na tatu, kwetu ni kusini kwenye mikorosho, shule niliishia la sita. Nilikuja Sumbawanga kubeba magunia ya mahindi ghalani. Mgongo ulipogoma, kijana mmoja mwenye studio akanichukua nimbebee mabegi ya kamera. Yeye hupiga picha za wanyama bondeni, Ziwa Rukwa, anaziuza.

Bosi ndiye aliyenifundisha kompyuta. Picha ya mnyama ikitoka kwenye kamera huwa imefifia, vumbi limeifunika, jani limekatiza jicho. Mimi naing'arisha, natoa vumbi, nafuta jani, nanoa manyoya mpaka unayaona moja moja. Nilijivunia sana. Mikono iliyozoea magunia ilikuwa imepata kazi ya kukaa kwenye kiti.

Mwezi wa pili tulimpiga picha kiboko amepanua mdomo. Nyuma yake, ng'ambo ya maji, alikuwepo mchungaji na ng'ombe wake, kijana wa Kisukuma tuliyemzoea, nitamwita Masanja. Alipoona kamera akainua fimbo juu, akapiga kelele kwamba picha yake tusiisahau. Tuliporudi mjini Bosi akaitazama akacheka. "Nani atanunua kiboko mwenye ng'ombe mgongoni? Toa hao."

Nikawatoa wote. Nikanakili majani ya pembeni, nikaziba pale walipokuwa. Kisha nikahifadhi juu ya picha ileile, sikujua kwamba ile ya kwanza huwa inatunzwa pembeni. Kwenye kadi ya kamera nako Bosi alishafuta kila kitu kwa ajili ya safari nyingine.

Wiki tatu baadaye Masanja alikufa maji mtoni. Siku hiyo alitoka nyumbani bila ng'ombe, na hakuna aliyejua alifuata nini kule mto ukiwa umejaa. Msibani watu walimuuliza jirani yao mwenye zizi ng'ambo ya mto, nitamwita Mzee Luhende, kama ndiye aliyemwita. Akaapa mbele ya watu kwamba hakumwita. Hayo niliyasikia baadaye sana.

Msiba ulipopoa wazazi wake wakapanda gari kuja mjini. Simu ya Masanja ilikwenda naye majini na hawakuwa na picha yake hata moja. Mama yake akaniambia, "Mwanangu, alitusimulia kwamba mlimpiga picha. Hata kama ni ya mbali, nipeni."

Bosi akanivuta nyuma ya pazia akasema nitengeneze, kwa umbali ule nani atamjua. Nikatengeneza. Nilichukua mchungaji mwingine na ng'ombe zake kwenye picha nyingine ya bonde lilelile, nikawapunguza, nikawapa mwanga uleule wa kiboko, uso nikaufifisha, fimbo nikaiinua. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaibana kifuani, akalia.

Baba yake hakumtazama mtu wa pichani. Alitazama ng'ombe, kidole kikipita kwa mmoja mmoja. Halafu akaniuliza, "Hii ni ya siku ileile aliyotusimulia?"

"Ndiyo, baba. Siku ileile."

Jamani, mimi si mfugaji. Kwangu ng'ombe mwekundu ni ng'ombe mwekundu. Wenzetu wale wanamjua kila ng'ombe wa kijiji kwa baka lake, kwa pembe zake, kwa kovu la fisi. Wale niliowaweka walikuwa ng'ombe wa Luhende.

Mwezi uliopita tulishuka bondeni, mwenye duka akanisimulia. Ile picha imezunguka kaya zote. Wanasema Masanja alikuwa akimchungia Luhende kwa siri, kwa hiyo mzee ndiye aliyemwita mtoni, na kiapo chake msibani kilikuwa uongo. Wamemtenga. Hakuna anayempa moto, ng'ombe wake hawanyweshwi pamoja na wa wenzake, mkewe akifika kisimani wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Mzee mwenyewe alipita pale dukani nikamwamkia shikamoo. Alisimama kwanza, akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Wewe si wa hapa."

Nilimweleza Bosi kwamba nataka kusema. Usiku haujaingia alikuwa ameshafuta ile picha ya mchungaji mwingine, nilikowachukua wale ng'ombe. "Haya, nenda kaseme. Watakuuliza ya kweli iko wapi, utawaonyesha nini? Na mkono uliotengeneza ni wako."

Juzi mama yake Masanja amekuja tena, ameniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Jumamosi wazee wanakaa kikao kuamua kama Luhende ahame kijiji. Ameomba picha ichapwe kubwa, na ng'ombe waonekane vizuri, kwa sababu wazee macho yao yamechoka. Bosi amekubali, kazi kanipa mimi. Nimeshaanza. Baka la yule mwekundu begani sasa linaonekana hata ukisimama mlangoni.

Nikisema, mama yule atabaki na picha ya mtu ambaye hakumzaa, na huenda wasiniamini, waone nimenunuliwa na Luhende. Nikinyamaza, mzee wa watu anahama na watoto wake kwa ajili ya kazi ya mikono yangu. Kukataa kuichapa nimefikiria, lakini ile ndogo wanayo tayari.

Mnaosoma hapa ni wengi na wengine mmesoma kuliko mimi. Nitukaneni mkitaka, lakini kabla ya Jumamosi mtu aniambie nifanye nini.

Mke wangu nimemwambia narudi mwezi wa kumi na mbili. Mengine yote hayajui.